Nafasi ya Kiswahili katika Tasnifu ya Sayansi ya Michezo: Mfano wa Kipimo cha Borg

Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada ya heshima katika sayansi ya michezo na mazoezi hufika mwaka wa mwisho akidaiwa kazi moja asiyoweza kuifanya kwa kukariri. Mitihani ameizoea, na kazi za maabara amezifanya akiwa katika kundi. Tasnifu ni yake peke yake. Anatarajiwa kubuni swali, kutafuta watu wa kupimwa, kuwapima, kuchanganua alichokipata na kukitetea mbele ya walimu wake, yote hayo katika muda wa mihula miwili na aghalabu kwa fedha za mfukoni mwake. Katika vyuo vikuu vya Uingereza, ambako utaratibu wa shahada ya heshima ulitoka kabla ya kufika Kenya, kazi hii ndiyo hutazamwa kwanza mwanafunzi anapotaka kuendelea na masomo ya juu. Humu nchini baadhi ya idara huiita mradi wa utafiti. Makala haya yanatumia neno tasnifu kwa yote mawili.

Vitabu vya kumwongoza mwanafunzi huyu ni vingi, na vyote humweleza habari za sampuli, takwimu na mpangilio wa sura. Jambo ambalo havina budi kulipita ni lugha ambayo mwanafunzi wa Kenya huzungumza na mtu anayempima. Kozi hufundishwa kwa Kiingereza, hojaji hutayarishwa kwa Kiingereza, na tasnifu yenyewe huandikwa kwa Kiingereza. Lakini mkimbiaji anayesimama kando ya barabara ya vumbi huko Iten, au kijana wa timu ya mtaa jijini Nairobi, huulizwa kwa Kiswahili na hujibu kwa Kiswahili. Baina ya karatasi na mdomo pana tafsiri inayofanywa papo hapo, bila kuandikwa, na ni rahisi mno isitajwe popote katika sura ya mbinu za utafiti. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tafsiri hiyo ni chombo cha kupimia sawa na saa au mizani. Ikiwa chombo kina kasoro, data ina kasoro, na hakuna hesabu inayoweza kuirekebisha baadaye. Na kwa kuwa utengenezaji wa chombo hicho ni kazi ya kiisimu, mwanafunzi wa Kiswahili anahusika moja kwa moja.

Swali Jembamba

Kosa la kwanza hutokea kabla ya mtu yeyote kupimwa. Mwanafunzi wa Kenya anapoambiwa achague mada, macho yake hukimbilia mbio ndefu, na swali linalomjia ni lile linaloulizwa na dunia nzima: kwa nini Wakenya hushinda? Swali hilo limekwisha kushughulikiwa na makundi ya wataalamu wenye maabara. Bengt Saltin na wenzake waliwalinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia, na matokeo waliyochapisha mwaka 1995 yalionyesha kwamba uwezo wa juu kabisa wa kutumia oksijeni haukuwatenga Wakenya na wenzao kwa kiasi kikubwa. Ila kwa kasi ileile, Wakenya walitumia oksijeni kidogo zaidi. Vincent Onywera, Yannis Pitsiladis na wenzao walichapisha mwaka 2004 uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji kumi, kilichopimwa kwa siku saba, ambamo zaidi ya robo tatu ya nishati ilitokana na wanga, ugali ukiwa mstari wa mbele. Mwaka 2006 walitoa matokeo ya hojaji walizowapa wanariadha 404 wa viwango vya taifa na kimataifa, pamoja na watu 87 wa kulinganishwa nao, kuhusu asili yao, lugha zao na jinsi walivyokwenda shuleni utotoni.

Mwanafunzi mmoja mwenye mihula miwili hawezi kushindana na kazi kama hizo, wala hatakiwi kushindana nazo. Anachoweza ni kuchukua kipande kidogo ambacho wakubwa walikipita na kukifanyia kazi hadi mwisho wake. Mathalani: je, matini mbili tofauti za Kiswahili za kipimo cha Borg hutoa alama sawa kwa mkimbiaji yuleyule anapokimbia kwa kasi ileile? Swali hili halitaki maabara. Linataka uwanja wa mita 400, saa, vifaa vichache vya kupima mapigo ya moyo, kadi mbili zilizoandikwa vizuri na watu walio tayari kukimbia mara mbili. Isitoshe, jibu lake litamfaa kila mtafiti atakayekuja baadaye kuwauliza wakimbiaji wa Kenya jinsi mazoezi yalivyowaelemea.

Kipimo cha Borg na Asili Yake

Gunnar Borg alikuwa mwanasaikolojia wa Uswidi. Katika miaka ya 1960 alitunga kipimo cha kumwezesha mtu kutaja kwa tarakimu jinsi anavyohisi mwili wake unavyofanya kazi wakati wa mazoezi. Kipimo huanzia 6 na kuishia 20. Tarakimu hizo hushangaza mara ya kwanza, lakini zina sababu: kwa mtu mzima mwenye umri mdogo na afya njema, alama ikizidishwa kwa kumi hukaribia idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika, kuanzia 60 akiwa ametulia hadi 200 akiwa ukingoni mwa uwezo wake. Huo ni ukaribiano tu, na ni kosa kumsahihisha mkimbiaji kwa sababu alama yake haikulingana na kifaa kilichofungwa kifuani mwake. Kipimo huuliza hisia. Moyo una kipimo chake.

Alama peke yake hazina maana bila maneno yaliyobandikwa kando yake. Hapa ndipo mwanafunzi anapostahili kujua kwamba matini ya Kiingereza anayoiona katika vitabu nayo ni tafsiri. Katika Kiswidi, nusu ya juu ya kipimo imejengwa juu ya neno moja, ansträngande, lenye wazo la kujikakamua na kutumia nguvu, na neno hilohilo huongezewa vielezi kadiri alama zinavyopanda. Kiingereza kiliacha wazo hilo na kuchukua neno lenye maana ya ugumu. Mtu anayetafsiri kutoka Kiingereza hadi Kiswahili anatafsiri tafsiri, na ugumu atakaoupata hautakuwa na habari na kile alichokusudia Borg.

Si Borg pekee anayesafiri na asili yake. Jaribio la Kenneth Cooper la kukimbia dakika 12, lililochapishwa mwaka 1968, hupendwa sana na wanafunzi kwa kuwa halina gharama. Umbali uliokimbiwa kwa mita hutolewa 504.9, kisha jibu hugawanywa kwa 44.73, na hapo hupatikana makadirio ya uwezo wa kutumia oksijeni. Aliyekimbia mita 2,800 hupata takriban 51. Hesabu hiyo ilitokana na wanaume 115 wa jeshi la anga la Marekani. Mwanafunzi anayeipachika juu ya wasichana wa shule ya upili huko Iten, mahali penye kimo cha mita 2,400 hivi na ambapo shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya lile la Mombasa, anaweza kuandika tarakimu yenye desimali mbili isiyomhusu msichana yeyote kati yao.

Maneno Yenyewe

Tafsiri inayokuja haraka mdomoni hutumia jozi ya -epesi na -gumu: nyepesi sana, nyepesi, ngumu kiasi, ngumu, ngumu sana. Kwenye karatasi inapendeza. Uwanjani inaweza kupotosha, na inafaa kueleza ni kwa namna gani.

Kivumishi -epesi, kinapotajwa kwa mwili wa mkimbiaji, hakina maana ya kazi ndogo. Mkimbiaji aliye katika hali yake bora husema anajisikia mwepesi, na anaweza kuyasema hayo huku akizunguka uwanja kwa kasi ya kutisha na moyo ukipiga zaidi ya mara 180 kwa dakika. Wepesi wake ni wa miguu inayomtii. Kinyume chake ni uzito, kama anaposema miguu ilikuwa mizito, na miguu huweza kuwa mizito asubuhi ya mazoezi ya polepole baada ya safari ndefu ya matatu. Mtu huyu akiulizwa kwa neno hilo, atatoa jibu la kweli kwa swali ambalo hakuulizwa.

Kivumishi -gumu nacho huelekea nje ya mwili. Mbio ngumu ni zile zilizokuwa na washindani wakali, au njia yenye mlima, au tope. Mkimbiaji anaweza kuyaita mazoezi magumu kwa sababu ya kilima, ilhali yeye mwenyewe alipanda kwa utulivu. Hali kadhalika -kali: mazoezi makali ni yale yaliyopangwa kuwa ya kasi, na uamuzi kwamba ni makali hutolewa na kocha kabla hayajaanza. Ama neno kiasi, ambalo linatarajiwa kubeba alama ya 13, alama muhimu kuliko zote kwa kuwa ndipo wepesi unapogeuka kuwa kazi, lina maana zinazokaribia kupingana. Huweza kuwa kidogo, huweza kuwa si haba, na mara nyingi ni kiimbo kinachoamua. Kadi haina kiimbo.

Wapo watakaopendekeza bidii au juhudi. Maneno haya ni mabaya zaidi ya yote kwa kazi hii, kwa sababu ni maneno ya maadili. Bidii ni sifa ya mtu. Kumuuliza mkimbiaji, kocha wake akiwa hatua tano kutoka hapo, kwamba amefanya bidii kiasi gani ni kumwalika ajisifu au ajitetee. Hakuna kijana mwenye akili timamu atakayejibu kwamba bidii yake ilikuwa ndogo mno, hata kama mazoezi ya siku hiyo yalipangwa kuwa ya kupumzisha mwili na alitakiwa kuenda polepole. Uchovu nao una dosari ya wakati: umechoka ni hali iliyobaki baada ya kazi, nayo hujumlisha usingizi wa jana na kilomita za juzi. Borg aliuliza kuhusu sasa.

Njia inayoonekana kuwa bora ni kurudi kwenye wazo la Kiswidi na kujenga kipimo kizima juu ya kitenzi kimoja: kutumia nguvu. Alama 6 ingesomeka hutumii nguvu yoyote. 9, unatumia nguvu kidogo sana. 11, unatumia nguvu kidogo. 13, unatumia nguvu za wastani. 15, unatumia nguvu nyingi. 17, unatumia nguvu nyingi sana. Na 20, unatumia nguvu zako zote, huwezi kuongeza. Kitenzi kisiachwe hata kama kadi itajaa, kwa kuwa nguvu ikisimama peke yake hugeuka kuwa sifa tena: mwenye nguvu nyingi ni mtu imara, na mtu imara huenda ndiye anayetumia nguvu chache. Alama 19 hubaki na tatizo. Katika Kiswahili sanifu mno hupita sana na hudokeza kuvuka mpaka, lakini kwa wengi wanaotumia Kiswahili kama lugha ya pili maneno haya mawili hubadilishana nafasi bila tofauti. Wakimbiaji wengi wa Bonde la Ufa walianza na Kinandi, Kikeiyo, Kimarakwet au Kipsigis kabla ya kujifunza Kiswahili. Tofauti iliyo wazi kwa mhadhiri wa isimu huenda isiwepo kabisa kwa msomaji wa kadi. Pengine karibu na mwisho wa uwezo wako ingefaa zaidi. Hilo ni jambo la kujaribiwa wala si la kuamuliwa mezani.

Kamusi husaidia kwa kiwango fulani. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni hazina kwa anayeandika kuhusu misuli, mapafu na mmeng'enyo wa chakula. Lakini maneno ya kipimo cha Borg si istilahi. Ni maneno ya kila siku, na maana zake za kila siku ndizo zinazoleta taabu.

Kutafsiri na Kurejesha

Utaratibu unaokubalika wa kutafsiri vyombo vya utafiti ulielezwa na Richard Brislin mwaka 1970. Mtu mmoja hutafsiri kutoka lugha chanzi hadi lugha lengwa. Mwingine, ambaye hajaiona matini ya kwanza, huirejesha katika lugha chanzi. Kisha matini mbili za lugha chanzi hulinganishwa. Panapotofautiana, tafsiri hurekebishwa na kazi huanza tena. Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza watu wanaohitajika ni wachache: wanafunzi wawili wa Kiswahili wa mwaka wa tatu au wa nne na mhadhiri mmoja wa kusuluhisha. Ni ushirikiano wa nadra baina ya idara mbili ambazo mara nyingi hutenganishwa na uwanja wa mpira tu.

Hata hivyo tafsiri rejeshi ina udhaifu ambao wanafunzi wa isimu watautambua mara moja. Watafsiri wawili waliosoma darasa moja watarejesha -epesi kuwa wepesi na -gumu kuwa ugumu, matini zitalingana neno kwa neno, na kosa litapita likiwa limevaa vazi la usahihi. Kwa hiyo hatua inayofuata ndiyo yenye uzito: kukaa na wakimbiaji watano au sita, kuwapa kadi, na kuwaomba waeleze kwa maneno yao wenyewe kila alama ina maana gani na ni lini mara ya mwisho walihisi hivyo. Akitokea mmoja anayetolea mfano wa alama 9 siku aliyoshinda mbio, mtafiti ameona tatizo kabla ya kupoteza muhula. Wanafunzi wenzake wa chuoni Nairobi hawafai kuchukua nafasi ya watu hao. Kiswahili chao ni kingine, na kimo cha jiji, mita 1,700 hivi, ni kingine pia.

Kipengele kingine kinachohitaji jicho la Kiswahili ni saa. Tasnifu nyingi za mazoezi hutumia shajara ambamo mwanariadha huandika alipoanza na alipomaliza. Saa iliyo mkononi mwake huonyesha 5:30, mdomo wake husema saa kumi na moja na nusu, na kalamu yake huweza kuandika lolote kati ya hayo. Shajara ikisoma 11:30, je, ni alfajiri au ni karibu na adhuhuri? Tofauti ni ya saa sita, na katika utafiti wa joto, usingizi au mlo kabla ya mazoezi, saa sita ni kila kitu. Dawa ni ndogo: sehemu za siku zichapwe kwenye ukurasa, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, na mwandishi aweke alama kwanza kabla ya kuandika tarakimu.

Uwanjani

Kwa swali lililopendekezwa hapo juu, mpango wa upimaji unaweza kuwa hivi. Kila mshiriki hukimbia mizunguko mitatu kwa kila kasi kati ya kasi tano: kilomita 12, 14, 16, 18 na 20 kwa saa. Kwenye uwanja wa mita 400 hizo ni sekunde 120, 103, 90, 80 na 72 kwa mzunguko, na filimbi inayopulizwa kila mita 100 humsaidia mkimbiaji asiende mbele ya kasi wala nyuma yake. Mizunguko mitatu huupa moyo muda wa kutulia katika kiwango kimoja. Katika mita za mwisho za mzunguko wa tatu kadi huinuliwa kando ya njia, na mkimbiaji hutaja alama yake akipita. Siku nyingine, saa ileile, hurudia kwa kadi ya pili. Nusu ya washiriki huanza na kadi moja na nusu nyingine huanza na ile ya pili, ili mazoea yasidhaniwe kuwa ni tofauti ya lugha. Kasi ya mwisho ni ya wakimbiaji waliozoea mashindano. Kwa wengine wote ishushwe.

Mkimbiaji apimwe peke yake. Alama inayotajwa kwa sauti mbele ya wenzake si alama tena, ni tangazo. Kwa sababu hiyohiyo maneno mtihani na mtahiniwa yasisikike uwanjani. Mwanariadha akiambiwa anafanyiwa mtihani atataka kufaulu, na atadhani kufaulu ni kutaja alama ndogo. Aitwe mshiriki, na aelezwe kwamba hakuna jibu sahihi.

Kalenda nayo ina masharti yake. Mbio za nyika za taifa huwachukua wengi mwanzoni mwa mwaka, marathoni za Boston na London hufanyika mwezi Aprili, na mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hugeuza viwanja vya udongo kuwa matope. Mwanafunzi anayepata kibali mwezi Machi atakuwa na kadi nzuri na uwanja mtupu.

Takwimu

Sehemu hii huwatia wanafunzi hofu kuliko zote, ingawa makosa yake ni machache na yanajulikana. La kwanza ni idadi. Kwa mujibu wa hesabu zilizozoeleshwa na Jacob Cohen, kuyalinganisha makundi mawili tofauti pale tofauti inapotarajiwa kuwa ya wastani huhitaji watu 64 katika kila kundi. Mshiriki yuleyule anapopimwa mara mbili, kama ilivyo hapa, watu 34 hutosha. Hiyo ndiyo faida ya kumlinganisha mtu na nafsi yake.

La pili ni kuhesabu nukta kana kwamba ni watu. Washiriki 34 wakipimwa kwa kasi tano hutoa nukta 170, na mwanafunzi akizitupa zote katika jedwali moja atapata uhusiano wa kuvutia baina ya alama na mapigo ya moyo. Lakini nukta tano za mtu mmoja zinafanana kwa kuwa ni za mtu mmoja. Uhusiano utafutwe kwanza ndani ya kila mshiriki, kisha ndipo washiriki wajumlishwe.

La tatu ndilo linalogusa swali lenyewe. Kadi mbili zinaweza kuwa na uhusiano mkubwa sana bila kukubaliana, kama saa mbili zinazokwenda kwa kasi moja huku moja iko mbele kwa dakika kumi. Martin Bland na Douglas Altman walilieleza jambo hili katika jarida la Lancet mwaka 1986 na kutoa njia nyepesi: tafuta tofauti ya kila mshiriki baina ya vipimo viwili, tafuta wastani wa tofauti hizo, kisha ongeza na utoe mchepuko wastani uliozidishwa kwa 1.96. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba wastani ni 0.4 na mchepuko wastani ni 1.5. Mipaka inakuwa kutoka -2.5 hadi 3.3. Wastani unapendeza, lakini mipaka inasema kwamba mtu mmoja anaweza kutaja 13 kwa kadi moja na 16 kwa kadi nyingine, akiwa katika kasi ileile. Kocha anayepanga mazoezi kwa alama hizo angewapa watu wawili tofauti mazoezi mawili tofauti kwa sababu ya kivumishi.

Ridhaa

Azimio la Helsinki la mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake yaliyofuata, linadai kwamba mtu anayepimwa aelewe anachokikubali. Fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kisheria na kutiwa sahihi na kijana aliyeacha shule darasa la nane haitimizi sharti hilo, hata ikiwa na muhuri wa chuo. Iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti, na mshiriki aombwe kueleza alichoelewa kabla ya kutia sahihi. Idhini ya kocha ni adabu inayostahili na bila yake huenda lango la kambi lisifunguke, lakini haichukui nafasi ya ridhaa ya mkimbiaji. Swali liulizwe kocha akiwa hayupo, kwa kuwa kijana anayemtegemea mtu kwa kitanda, chakula na nafasi ya kusafiri hana uwezo mkubwa wa kukataa mbele yake.

Kuna idhini nyingine za kiserikali. Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013, ndiyo hutoa leseni za utafiti nchini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huziweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti. Mapigo ya moyo na uzani wa mwili vimo humo. Kufuta jina hakutoshi kila wakati. Tasnifu ikisema mshiriki wa nne ni mwanamke wa umri fulani, wa kambi fulani, mwenye muda fulani wa marathoni, kila mpenzi wa riadha amekwisha kumjua. Muda bora wa mwanariadha ni jina lake la pili, na inafaa uandikwe kwa vipande vya dakika kadhaa badala ya sekunde.

Uandishi na Viambatisho

Katika kuandika, sura ya mbinu ndiyo inayobeba uzito wa tasnifu ya aina hii, na ndiyo inayopaswa kuandikwa kwanza, upimaji ukiwa bado u moto akilini. Mwanafunzi aeleze ni nani aliyetafsiri, ni nani aliyerejesha, walitofautiana wapi na nani aliamua. Maneno yanayotamkwa uwanjani yaandikwe kama yalivyotamkwa, kwa Kiswahili, ndani ya matini ya Kiingereza, wala yasifichwe nyuma ya maelezo kwamba washiriki walipewa maagizo ya kawaida. Mtahini asiyejua Kiswahili atapata tafsiri pembeni. Anayekijua ataweza kupinga, na kupingwa ni haki ya utafiti wowote. Ikisiri ya Kiswahili nayo isiachwe. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ukurasa mmoja hauongezi gharama ya kuchapa.

Kila mshiriki apelekewe karatasi moja yenye matokeo yake mwenyewe: mapigo ya moyo kwa kila kasi, alama alizotaja, na sentensi mbili za kueleza. Karatasi hiyo ipelekwe kabla ya siku ya utetezi, kwa kuwa baada yake mwanafunzi huwa amekwisha kurudi kwao kutafuta kazi. Viambatishoni ziwekwe kadi zote mbili kwa ukubwa uleule zilivyotumika, pamoja na matoleo yaliyokataliwa na sababu ya kukataliwa kwa kila moja, ili mwanafunzi wa mwaka utakaofuata asianze tena na -epesi na -gumu.